Mlango wa Njano: Mbweha Chini ya Kitambaa

Wiki iliyopita tulimwacha Beryl Ackroyd kizingitini, kiganja mdomoni. Alikuwa amefungua mlango wake wa kijani, na nje akakuta mlango mwingine umesimama. Mrefu kumpita, umeviringishwa karatasi ya kaki toka juu mpaka chini, na chini ya karatasi zimetokeza buti mbili.

"Ackroyd?" mlango ukauliza.

"Shii!"

"Nimeleta mlango wako, mama."

"Shii, nimekwambia! Si tulisema Jumatatu?"

Uso mwekundu ukachungulia pembeni, unachuruzika jasho. Alikuwa mwenye lori. "Jumatatu nakwenda kwa mama mkwe. Nikasema wacha nikuwahishie leo leo. Hata asante hakuna?"

Msomaji, maisha yake yote Beryl hajawahi kuletewa kitu kwa wakati. Makaa ya mawe huchelewa. Fundi bomba huchelewa. Kitanda cha mtoto kilichelewa mpaka mtoto mwenyewe akawa anakipita urefu. Leo, siku moja tu aliyoomba Mungu wamcheleweshe, wamemuwahisha.

Maana sebuleni, nyuma yake hapo, kamati ya Chama cha Wapangaji wa Mtaa wa Larkfield ilikuwa kwenye kikao. Ajenda ilikuwa moja: kupinga nyumba za halmashauri kuuzwa kwa wapangaji wake, jambo lililoletwa na serikali ya yule Mama wa London, waziri mkuu. Mwenyekiti alikuwa Wilf, mume wa Beryl wa ndoa. Na nyumba hiyo waliyokaa ndani yake wakipinga, Beryl alishainunua.

"Nani huyo, Beryl?" Wilf aliita.

Beryl akafungua mdomo. Neno la kwanza lililotoka ndilo alilolitumia.

"Meza!"

"Meza gani?"

"Ya kuazima! Ya kanisani! Ya sandwichi!"

Mwenye lori akautazama mlango. Akamtazama Beryl. Alikuwa mtu aliyeoa, akaelewa.

"Meza ya kanisa, karibuni," akasema kwa sauti ya mchungaji, akauingiza ndani kiubavu.

* * *

Ili uelewe kwa nini kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka Beryl, lazima ujue habari ya milango ya Larkfield. Yote ni ya kijani. Kijani kile kile cha halmashauri, kimepakwa na mafundi wale wale, mpaka walevi wakirudi kutoka klabu ya mtaa huingia nyumba za watu na kulala salama salimini.

Mama yake Beryl, marehemu, aliomba apake wake rangi ya njano. Aliomba akiwa kijana, akaomba akiwa mtu mzima, akaomba mara ya mwisho akiwa na fimbo. Halmashauri ikamjibu kwamba kijani ni kijani. Akafa nyuma ya kijani.

Ndiyo maana tangu nyumba zianze kuuzwa, mtu akinunua yake hashughuliki na paa wala bomba. Anabadilisha mlango. Mlango mpya ndio tangazo: hapa sasa ni kwangu. Na Beryl, aliyeachiwa upangaji ule na mama yake kwa jina lake mwenyewe, aliagiza mlango wa njano wenye kichwa cha simba cha shaba cha kugongea hodi. Aliuagiza kabla hajamwambia mumewe chochote. Ufunguo wake ulitangulia kwa posta, na toka siku hiyo ulikuwa mfukoni mwa aproni, umefungwa utepe wa njano. Kila akipita jikoni anaupapasa.

Tatizo ni Wilf. Mwaka jana kiwanda cha chuma kilifungwa, na Wilf akatolewa getini na wenzake wote, kila mmoja na kikombe chake cha chai mkononi. Hajapata kazi tena. Alichobaki nacho ni uenyekiti na njiwa wake wa mashindano. Na mbele ya klabu nzima alisema: "Chini ya paa lililonunuliwa mimi silali. Hata usiku mmoja. Hata likinunuliwa na ndugu wa damu."

Hakusema kama mke naye anahesabiwa.

* * *

"Iweke hapo," Wilf alimwambia mwenye lori. "Juu ya matenga."

Matenga yalikuwa mawili, ya njiwa, yamepangwa katikati ya sebule yakisubiri gari la klabu. Kila Ijumaa jioni njiwa hupakiwa, wakasafirishwa mbali, Jumamosi wakaachiwa warudi wakishindana. Katika tenga la kulia alikuwa Gladys, bingwa wa Wilf, njiwa wa kijivu mwenye jicho jekundu na dharau.

Mlango ukalazwa juu ya matenga. Beryl akaurukia na kitambaa cha meza kabla karatasi haijatulia.

Lakini katikati palikuwa na uvimbe.

"Nini hicho?" aliuliza Cyril Tordoff, katibu wa kamati, mtu mnene wa nyumba namba kumi na nne, mwenye sauti ya kutangulia mwili wake.

"Fundo la mbao," Beryl akasema. Akachomoa ile kofia ya sufu ya kufunikia buli la chai, akauvika uvimbe. Ukakaa vizuri. Ukawa kama buli la pili.

Mwenye lori akatoka akipiga mluzi. Beryl akapanga sandwichi za nyama ya nguruwe upande huu, za matango upande ule, akajipa moyo. Wale, wanywe, waape, waende zao. Mlango utaingia nyuma ya banda la njiwa. Wilf atapikiwa vizuri kuanzia kesho, na Jumapili, akiwa ameshiba, ataambiwa.

"Ndugu wajumbe!" Wilf akasimama. "Kabla ya kula, tule kiapo."

Loh!

"Mimi nitaanza. Baba yangu alisubiri nyumba ya halmashauri miaka tisa, tukilala sita chumba kimoja. Walipompa ufunguo alilia barabarani, mwanamume mzima. Hakupewa kwa sababu ana hela. Alipewa kwa sababu zamu yake imefika. Sasa yule Mama anasema mwenye nazo achukue. Wakishachukua zote, huyo kijana anayeoa mwakani zamu yake ataisubiri wapi?"

Hata Gladys alinyamaza. Beryl akajiona mdogo, maana maneno yale yalikuwa ya kweli, na mlango wa njano nao ulikuwa wa kweli, na vyote viwili vilikuwa vimemkaa kifuani havisogezani.

"Sawa kabisa!" Tordoff akanguruma, akapiga ngumi mezani.

*Ko! Ko!*

"Karibu!" Wilf akaitika, akageukia barazani.

Hakuingia mtu.

"Msaliti wa mtaa huu," Tordoff akaendelea, mishipa imemsimama, "atolewe klabuni! Bia, asipewe! Bingo, asicheze! Safari ya ufukweni Blackpool, asipande basi! Na kama ana njiwa, wasipokelewe!" Ngumi tena.

*Ko! Ko! Ko!*

"Karibu, nimesema!" Wilf akaenda, akafungua, akatazama kushoto na kulia. "Watoto hawa! Nitawashika siku moja."

Beryl alikuwa amelalia kile kichwa chenye kofia ya buli kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Unaumwa, mwanangu?" aliuliza Bi Hepplestone, mweka hazina, bibi mkongwe mwenye mkoba uliokuwa na kila kitu isipokuwa hazina.

"Naipasha chai joto, bibi."

"Basi mkono mezani, wote," Wilf akasema. "Rudieni: Larkfield haiuzwi. Atakayenunua, hata awe nani, anafukuzwa klabuni yeye na wa nyumbani mwake na njiwa wao."

Umesikia, msomaji? Na njiwa wao. Yule mume alikuwa anamhukumu Gladys kwa mdomo wake mwenyewe na hajui.

Tordoff akaapa kwa kishindo. Bi Hepplestone akaapa kwa kikohozi. Beryl akaweka kiganja juu ya buli la kweli, lile la moto.

"Naapa kwa buli hili... ai! ai!... nyumba ya mwenzangu sitainunua kamwe."

"Umeona, Ndugu Tordoff?" Wilf alisema, macho yamemlowa. "Anaapa mpaka anaungua. Huyo ndiye mke."

* * *

Wakaanza kula. Wilf akapiga magoti chini ya meza na kipande cha mkate, akawa anamnong'oneza Gladys mambo ambayo Beryl hajawahi kunong'onezwa tangu harusi.

Hapo ndipo Bi Hepplestone alipoonja kikombe chake na kukunja uso. "Hii imepoa. Nimiminie ya buli la pili."

"La pili ni tupu, bibi."

"Mbona limevikwa kofia? Nani anavika kofia buli tupu? Sogeza mkono huo pembeni."

Beryl akachelewa. Vidole vya bibi yule, vyembamba kama uma, vilishaishika kofia, vikainyanyua, na pamoja nayo kitambaa, na pamoja na kitambaa ukachanika mstari mrefu wa karatasi ya kaki.

Kikatokeza kichwa cha shaba, kinang'aa, kimekenua meno.

Beryl akafumba macho. Imekwisha, akajisemea. Kwaheri Wilf.

Akasubiri kelele. Badala yake akasikia *pwaa!* Akafumbua jicho moja. Cyril Tordoff, rangi imemwondoka, alikuwa amevua kofia yake bapa na kuibandika juu ya kile kichwa kama mtu anayemfunika panya.

"Meza nzuri sana," alisema Tordoff, sauti nyembamba kama ya mtoto wa kwaya.

"Nimeona mbweha," akasema Bi Hepplestone.

"Hukuona, bibi," Tordoff akasema.

"Nimeona mbweha wa shaba. Ana ulimi."

"Ni kifuniko cha sukari."

"Mbweha?" Wilf akaibuka chini ya meza, nywele zimejaa manyoya. "Mbweha yuko wapi? Gladys! Usiogope, mama!"

Akarudi chini.

Beryl alishika birika tupu akakimbilia jikoni. Mbweha? Yeye aliagiza simba. Nyuma yake akasikia pumzi nzito. Tordoff alikuwa amemfuata na amefunga mlango wa jikoni kwa kisigino.

Amenishika, Beryl akawaza. Sasa ataniuza.

"Beryl, dada yangu," Tordoff akasema, akamshika mikono yote miwili. "Mungu akubariki."

"Kwa lipi?"

"Umenisitiri. Ungeweza kuufunua mbele ya Mwenyekiti nikaumbuka. Lakini wewe ukautandikia kitambaa. Ukauwekea na sandwichi! Mtu wa moyo gani wewe?"

Yale maneno yaliingia kichwani mwa Beryl polepole, moja moja, kama wazee wanaopanda basi.

"Cyril. Ule mlango ni wako?"

"Si una mbweha? Niliagiza mbweha. Mke wangu Mavis alitaka bata, nikamwambia ng'o, siwezi kupigiwa hodi kwa bata."

"Umenunua nyumba? Wewe? Uliyesema msaliti asipande basi la Blackpool?"

"Nilisema. Na naamini kila neno." Tordoff akajifuta paji kwa taulo la vyombo. "Lakini wanaiachia kwa bei ya kutupa, Beryl! Mimi ni katibu, si malaika! Usiku nikilala nalala na siasa yangu, ila Mavis analala na ramani ya jiko jipya. Ningefanyaje? Nilimwambia mwenye lori aje Jumatatu, nikiwa peke yangu. Kumbe mpumbavu yule kauleta leo, na kwa nyumba isiyo yangu. Milango yote kijani, atajuaje?"

Beryl alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni kikasimama.

Kama wa Tordoff umeletwa hapa, wa njano uko wapi?

"Cyril," alisema taratibu. "Mavis yuko nyumbani?"

"Yuko. Kwa nini? Na kaka yake yupo, yule seremala. Wanamngoja huyo wa lori kwa hamu, tangu Jumanne kaka mtu analala na nyundo."

Sebuleni Bi Hepplestone alipiga yowe dirishani.

"Mwenyekiti! Njoo uone! Kwa Tordoff kumechomoza jua!"

* * *

Kama Larkfield ingeungua moto wasingetoka wengi vile. Wanawake na vitana vyao vya kusokotea nywele vikiwa bado kichwani, wanaume wamevaa ndara na soksi, mbwa, pram za watoto wachanga, kila mtu mbele ya namba kumi na nne. Mlango wa kijani ulikuwa umetupwa kwenye majani. Mahali pake palisimama mlango wa njano, njano ya kiini cha yai, na katikati yake simba wa shaba akiwaangalia watu kama anawadai.

Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililomuumiza Beryl. Ulikuwa mzuri kuliko alivyouota, na ulikuwa umepigiliwa kwenye nyumba ya Tordoff.

Mavis Tordoff alisimama kando na kaka yake, mikono kiunoni. "Si bata," alikuwa akimlalamikia mwenye lori, "si mbweha wa Cyril, lakini umekaa. Ukishakaa umekaa."

"Na kitasa kinajifunga chenyewe," kaka yake akaongeza. "Kazi safi."

Wilf akapenya watu. Akautazama mlango. Akamtazama katibu wake.

"Ndugu Tordoff."

"Ndugu Mwenyekiti."

"Muda si mrefu uliapa juu ya meza yangu."

"Sikiliza, Wilf..."

"Ulipiga ngumi mpaka sandwichi zikaruka! Nyumbani kwako mkeo anapachika mlango wa wanunuzi!"

"Huo mlango si wangu!" Tordoff akapaza sauti. "Naapa! Wangu una mbweha!"

Mtaa mzima ukasikia. Tordoff naye akajisikia. Akajaribu kuyavuta maneno yarudi, lakini yalishafika mpaka kituo cha basi.

"Kumbe nilimwona," Bi Hepplestone alisema kwa kuridhika. "Na ulimi anao."

"Umefukuzwa," Wilf akasema. "Klabu, bia, bingo, Blackpool. Ndivyo ulivyopendekeza mwenyewe." Akageuka, akatafuta uso wa kuushika. Ukawa wa bibi. "Tumebaki wawili kwenye kamati, Bi Hepplestone. Mimi na wewe. Wewe huwezi kuniangusha."

Bi Hepplestone akakohoa. Akamgeukia mwenye lori. "Mwanangu, humo ndani hakuna wa bluu?"

"Wa bluu ni wiki ijayo, bibi."

"Haya. Nilikuwa nauliza tu."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile kikampitia Wilf kama upepo kwenye shuka lililoanikwa. Beryl alimwona akishuka mabega. Ule ule mshuko wa siku ya kiwanda. Akatamani amshike mkono, lakini mkono wake ulikuwa mfukoni mwa aproni, umekumbatia ufunguo.

Halafu Wilf akanyanyua kichwa.

"Ngojeni kwanza. Kama wa Tordoff una mbweha... huu wa simba ni wa nani?"

Kicheko kikakatika. Majirani wakaanza kutazamana, kila mtu anamkagua mwenzake kama wameibiwa. Mwenye lori akamwangalia Beryl. Beryl akaangalia viatu vyake.

"Mimi nabeba tu," mwenye lori akasema hatimaye. "Majina sishiki. Kichwa changu kibovu, nilianguka utotoni."

Mungu amlipe yule mtu, na mama mkwe wake pia.

"Tutamjua," Wilf akasema. "Atakuja mwenyewe kuudai. Na siku atakapouchukua..."

"Cyril kaenda wapi?" Mavis aliuliza.

Kweli, Tordoff hakuwepo. Vichwa vikageuka, na wakamwona anatoka nyumba ya Ackroyd, anakimbia kwa namna ambayo hajakimbia tangu shuleni, tumbo linamtangulia na tenga liko kwapani. Kabla mtu hajasema kitu alishavuka uzio, akapita kati ya watu kama ng'ombe sokoni, akaingia kwake na kuusukuma ule mlango wa njano nyuma yake.

*Klik.*

Kitasa cha kujifunga chenyewe. Kazi safi.

"Lile tenga," Wilf akasema. "Lile ni tenga la kulia."

* * *

Kijifuniko cha tundu la barua kikanyanyuka. Ndani ya tundu likachungulia jicho moja jekundu, lenye dharau.

"Gladys!" Wilf akalia.

"Gladys mzima," sauti ya Tordoff ikasema kwa nyuma. "Kwa sasa. Ndugu Mwenyekiti, naleta hoja. Mimi nirudishwe klabuni. Niandikwe tena Blackpool, kiti cha dirishani. Hoja ipite kabla gari la njiwa halijaondoka, la sivyo Mavis anakanda unga wa pai ya njiwa."

"Mimi?" Mavis akaruka. "Sijui hata kumnyonyoa!"

"Nyamaza, mke wangu, nafanya mazungumzo!"

"Huthubutu, Cyril!" Wilf akasema.

"Nina vitunguu hapa. Nina na karoti. Usinijaribu."

Kutoka upande wa klabu gari la njiwa likapiga honi. Linaondoka saa kumi na mbili, na halijawahi kumsubiri mtu, hata daktari.

Wilf akakimbilia uani kwa Tordoff, akarudi. "Mlango wa nyuma kauzibia kabati la nguo!" Akarudi nyuma hatua, akavua koti, akauelekea mlango wa njano na bega limeinama. "Navunja."

"Huvunji!" Beryl akajikuta amesimama mbele yake, mgongo kwenye simba, mikono imetanda.

"Beryl, toka. Ni mbao tu."

"Si mbao tu!"

"Ni mlango wa msaliti!"

"Ni mlango mzuri, Wilf. Hujui mtu kausubiri kwa muda gani."

Wilf akamkazia macho. Jasho, manyoya, na macho mawili ya mtu ambaye kwa siku moja amepoteza katibu, mweka hazina na ajenda.

"Mke wangu," alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko kelele. "Kiwanda kimekwenda. Chama kimekwenda, nimekiona kinakwenda hapa hapa na soksi zake. Yule ndege ndiye kitu pekee ninachokijua ambacho kikitoka asubuhi kinarudi nyumbani. Nipishe."

Honi ikalia mara ya pili.

Beryl akatazama bega lile. Likigonga, simba atang'oka, njano itapasuka, na kwa ajili ya mama yake hakutakuwa na kitu tena. Lisipogonga, Gladys ni pai. Na mfukoni, kwenye aproni, ufunguo ulikuwa umepata moto kama uliotoka kuchongwa.

Ungekuwa wewe, msomaji, ungefanyaje mbele ya mtaa mzima?

Beryl alifanya hivi. Aligeuka akawapa watu mgongo. Akaingiza mkono mfukoni. Utepe wa njano ukatoka kwanza, ukapepea, na aliyeuona wa kwanza alikuwa Bi Hepplestone, ambaye alisema "Ehee" taratibu, kama mtu aliyepata namba ya mwisho ya bingo.

Ufunguo ukaingia bila kusukumwa. Ukazunguka kama uliopakwa siagi.

*Klik.*

Mlango ukafunguka. Tordoff alikuwa amepiga magoti ukumbini, kitunguu mkono huu, Gladys mkono ule, mdomo wazi. Gladys akamdonoa kidole gumba, akachomoka, akapita juu ya kichwa cha Beryl, juu ya pram na mbwa, akaenda moja kwa moja kutua begani kwa Wilf.

Hakuna aliyeshangilia. Hata mbwa.

Wilf hakumwangalia yule ndege. Alikuwa anaangalia mkono wa mkewe, na ule utepe uliokuwa bado unaning'inia kwenye kitasa.

"Beryl," akasema. "Huo ufunguo umeutoa wapi?"